Maziwa Haya ni ya Mnyama Gani?

Sisi ni watu wa Nyawera, hapa Bukavu, mume na mke, na nyumba yetu iko juu kidogo ya soko. Shamba hatuna. Tuna mbuzi wanne katika banda la mbao nyuma ya nyumba, na kwa miaka kadhaa maziwa yao yametusaidia kulipa masomo ya watoto. Leo twataka kuwaeleza jambo lililotupata kwa ajili ya maziwa hayo. Si jambo la kujisifu. Lakini tumeona afadhali kulisema kuliko kulificha, maana huenda hata katika mtaa wenu maziwa ya namna hii yanauzwa, nanyi mnayanunua bila kuuliza neno.

Labda mtashangaa: Watu wa Bushi na maziwa ya mbuzi, wapi na wapi? Ni kweli. Wazee wetu walipenda ng'ombe kuliko mnyama mwingine yeyote. Ng'ombe ndiye aliyetolewa mahari. Maziwa yake yalinywewa, na mengine yaligandishwa yakawa mashanza. Mbuzi alikuwa mnyama wa nyama, na wa kuuzwa siku ya shida. Lakini vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwanyang'anya watu wengi ng'ombe wao huko Kabare, Walungu na kwingineko. Ng'ombe mmoja akiibwa, mali ya miaka mingi imekwenda usiku mmoja. Ndipo watu wengi waliposhika wanyama wadogo: mbuzi, nguruwe, sungura, na simbilisi, wale tunaowaita dende. Mbuzi hula majani ya kando ya njia na maganda ya ndizi. Akiibwa, utalia, lakini hutaangamia.

Basi sisi nasi tulinunua mbuzi mmoja, akazaa, na mtoto mmojawapo wa nyumba akajaribu kumkamua kwa mchezo. Tukayaonja maziwa yale. Yalikuwa mazuri. Jirani mmoja akaomba kikombe, wa pili akaleta faranga zake, na biashara ikaanza hivyo hivyo, bila ruhusa ya mtu na bila kukatazwa na mtu. Mbuzi wa kienyeji hatoi maziwa mengi: aliye mwema kwetu hutoa kama nusu lita kwa siku, na mtoto wake naye ana haki yake. Lakini wakiwa wawili au watatu wanaonyonyesha pamoja, yanapatikana ya kuuza.

Majirani walikuja alfajiri na vikombe vyao, nasi tuliwakamulia mbele yao. Tulikuwa tukiwaambia: "Tazameni kwa macho yenu. Hapa hakuna maji, hakuna udanganyifu." Nao walifurahi, maana katika mji huu maziwa yaliyoongezwa maji ni kitu cha kila siku. Wengine waliyanywa pale pale, yakiwa bado na joto la mnyama. Sisi tuliona fahari. Tulifikiri ya kuwa maziwa ambayo mnunuzi ameyaona yakitoka ni maziwa yasiyo na shaka.

Yaliyobaki tulimpelekea mama mmoja auzaye maziwa karibu na soko. Tuliyatia katika bidoni ya manjano iliyokuwa ya mafuta ya kupikia. Mama yule alipokea pia maziwa ya ng'ombe kutoka Kabare, akayachanganya yote. Watu walipomwuliza, "Mama, una maziwa?" alijibu, "Ninayo." Hakusema ni ya ng'ombe, wala hakusema ni ya mbuzi. Nasi tulijua. Tulijua pia kwamba kama angesema ni ya mbuzi, wengine wangekunja uso na kwenda zao. Kwa hiyo tulinyamaza. Mioyoni mwetu tulijitetea hivi: Hatukusema uwongo, tulinyamaza tu.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Katika mtaa wetu kuna mama kijana ambaye, alipojifungua mtoto wake wa kwanza, hakukaa nyumbani siku nyingi. Alirudi upesi kuuza mboga, maana nyumba ilikuwa haina kitu. Maziwa yake yakapungua. Mtoto alipokuwa na miezi minne, mama yake alianza kumpa maziwa ya kikombe, yale yaliyonunuliwa kwa mama wa sokoni. Siku zile maziwa ya Kabare yalikuwa yamekuwa haba, na bidoni ile ilikuwa na maziwa yetu tu. Mama kijana hakujua. Alijua anamnunulia mtoto wake maziwa ya ng'ombe, na kwa ajili yake alijinyima mwenyewe.

Miezi ikapita. Mtoto akawa mweupe wa viganja, mnyonge, hataki kucheza. Watu wakasema ni malaria. Wengine wakasema mengine, ambayo hatutayaandika hapa. Mwishowe akampeleka hospitali. Daktari akapima damu, akaona ni chache, na chembe zake ni kubwa kupita kiasi. Akamwuliza: "Mama, mtoto anakula nini?"

"Maziwa, daktari."

"Maziwa ya mnyama gani?"

Mama akajibu ni ya ng'ombe. Daktari akatikisa kichwa. Akamwambia: "Nenda ukaulize vizuri pale unaponunua."

Jioni ile alikuja mlangoni petu, mtoto mgongoni. Mama wa sokoni ndiye aliyemwelekeza. Hakutukana, hakulia. Alisema tu: "Shikamooni, wazazi wangu. Naomba mniambie. Maziwa yale mnayopeleka sokoni ni ya mnyama gani?" Tulimjibu. Na tulipomjibu hatukuweza kumtazama usoni.

Kesho yake mmoja wetu alimsindikiza hospitali. Daktari alitufundisha kwa upole. Alisema maziwa ya mbuzi si sumu, ni chakula chema kwa mtu mzima na kwa mtoto aliyekwisha kuzoea vyakula vingine. Lakini mtoto mchanga anahitaji maziwa ya mama yake peke yake mpaka miezi sita, kisha vyakula vingine pamoja na maziwa hayo. Wala maziwa ya ng'ombe hayawezi kukaa mahali pa maziwa ya mama. Na ya mbuzi yana upungufu wake mwingine: yana kiasi kidogo mno cha vitamini iitwayo folati, ambayo mwili huitumia kutengeneza damu. Mtoto akilishwa hayo tu kwa miezi, damu yake huharibika. Kama daktari angejua tangu mwanzo ni maziwa ya mbuzi, angejua mara moja la kutafuta. Jina la mnyama lilikuwa nusu ya dawa, nasi tulikuwa tumelificha.

Kwa rehema ya Mungu mtoto alipona. Alipewa vidonge vya asidi foliki, na mama yake akafundishwa kumpikia uji, maharage yaliyopondwa na majani mabichi. Lakini daktari hakutuacha tuondoke. Akatuuliza swali la pili: "Na ninyi wenye mbuzi, mnayachemsha kabla ya kuuza?" Tukasema wanunuzi huchemsha wenyewe nyumbani kwao, wakitaka. Akasema: "Wakitaka!" Kisha akatuuliza kama tumekwisha kusikia habari za kisiwa cha Malta.

Tulikisikia kanisani tu, kwa sababu ndipo mtume Paulo alipovunjikiwa na meli. Kumbe kisiwa hicho kina habari nyingine, na mwalimu mmoja jirani yetu alitusaidia kuisoma yote. Zamani watu wa Malta walikunywa maziwa ya mbuzi karibu kila nyumba. Wachungaji waliwapitisha mbuzi mjini na kuwakamua mlangoni pa mnunuzi, mbele ya macho yake, kama tulivyofanya sisi. Na katika kisiwa hicho palikuwa na homa mbaya, inayokwenda na kurudi kwa wiki nyingi, yenye jasho la usiku na maumivu ya viungo. Askari wengi wa Uingereza waliokaa kule waliugua. Mwaka 1887 daktari wao mmoja, David Bruce, aliwatambulisha wadudu wa homa hiyo, lakini watu hawakujua wanatoka wapi. Wengine walisema ni hewa, wengine ni maji machafu. Mwaka 1905 daktari mzalendo wa kisiwa, Themistocles Zammit, aliwapima mbuzi. Akawakuta wadudu wale ndani ya mbuzi wanono, wazima wa macho, wasioonyesha ugonjwa wowote. Mwaka ule ule meli iitwayo Joshua Nicholson ilibeba mbuzi wa Malta kwenda Marekani. Njiani mabaharia walikunywa maziwa yao, na wengi waliokunywa wakaugua homa hiyo.

Mwaka 1906 wakubwa wa jeshi waliwakataza askari maziwa ya mbuzi. Homa kwa askari ikashuka upesi. Lakini raia je? Raia hawakuwa na mkubwa wa kuwaamuru, na wenye mbuzi walikuwa maskini waliotegemea kikombe kile kile. Watu wakaendelea kukunywa, wakaendelea kuugua kwa miaka mingi. Ilipofika mwaka 1938 ndipo nyumba ya kuchemshia maziwa kwa moto wenye kipimo ilipofunguliwa kule, nao watu wa mjini wakaanza kupata maziwa ya mbuzi yaliyo salama.

Tuliposoma habari hiyo tulinyamaza kwa muda. Ugonjwa huo upo hata katika nchi zetu za Afrika. Wafugaji wengine huuita ugonjwa wa kutupa mimba, kwa sababu mbuzi au ng'ombe mwenye nao huharibu mimba yake. Humwingia mtu kwa maziwa mabichi, na pia kwa mikono ya yule anayemsaidia mnyama kuzaa. Nasi tulikuwa tukiwaambia watu: Tazameni kwa macho yenu! Jicho litaona maji yaliyoongezwa, labda. Jicho halitawaona wadudu wa homa.

Tulilipeleka jambo hili katika mkutano wa shirika letu la mtaa, baada ya sala. Tuliungama mbele ya majirani kwamba tuliuza bila kutaja jina. Haikuwa kazi rahisi. Kisha pakazuka ubishi. Mzee mmoja alisema: "Dawa yake ni moja. Maziwa ya mbuzi yakatazwe sokoni, kwisha." Mama mmoja mjane, mwenye mbuzi wawili, akamjibu: "Baba, ukiyakataza, mimi nitayauza usiku. Na maziwa ya usiku yatakuwa machafu kuliko ya mchana." Kijana mmoja akasema: "Acheni kabisa habari za sheria. Hapa kwetu sheria ikija, hufuatana na karatasi, na karatasi hufuatana na kodi. Mwisho wake mama atalipa faranga kila asubuhi, na maziwa yatabaki yale yale."

Wote watatu walikuwa na sehemu ya kweli. Kukataza tu hakufai, maana mwenye njaa hutafuta njia ya pembeni. Kuacha tu hakufai, maana tumemwona mtoto yule. Na sheria inayokuja kuchukua kabla ya kufundisha haiheshimiwi na mtu.

Lakini iko njia nyingine, na wengine wamekwisha kuianza. Katika mwaka 1963 mashirika mawili ya dunia, la chakula na la afya, yaliunda baraza la kuandika kanuni za vyakula, liitwalo Codex Alimentarius. Kanuni yake juu ya majina ya maziwa ya mwaka 1999 haisemi maziwa ni ya ng'ombe peke yake. Inakubali ya kila mnyama anayekamuliwa. Ila inataka jina la mnyama litajwe, pale ambapo kulinyamazia kungempoteza mnunuzi. Tulipoisikia tulitazamana. Ndilo lile lile aliloliuliza mama kijana mlangoni petu.

Tena wako wenzetu wa Kenya, walio na maziwa ya ngamia. Huko kaskazini, akina mama wa Isiolo hukusanya maziwa ya ngamia kwa wafugaji wa mbali na kuyapeleka Nairobi kwa basi, hasa mtaa wa Eastleigh, wanakokaa Wasomali wengi. Nao walitumia bidoni za plastiki zilizokuwa za mafuta, ambazo mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii kusugua, na maziwa huchacha njiani. Serikali yao haikusema ngamia si ng'ombe, basi maziwa yake hayatuhusu. Mwaka 2007 shirika la viwango la Kenya lilitoa kanuni ya maziwa ya ngamia yenyewe. Na akina mama walisaidiwa kupata vyombo vya aluminiamu vyenye mdomo mpana, na kufundishwa usafi na kupima maziwa. Kazi yao haijaisha, wala maziwa yote hayajawa safi. Lakini maziwa yale yana jina, na muuzaji anajua anadaiwa nini.

Sisi wa Nyawera hatuna kiwanda. Katika nchi yetu iko ofisi ya kupima ubora wa bidhaa, ile iitwayo sasa OCC, iliyoanzishwa mwaka 1974. Lakini mama mwenye lita tatu hatazamiwi kufika kwenye ofisi kama hiyo. Na katika mwezi wa pili wa mwaka 2025, mji wetu ulipoingiliwa na M23, kila mtu alifikiri kwanza juu ya usalama wa nyumba yake, si juu ya bidoni za sokoni. Lakini watoto walihitaji maziwa hata siku zile. Kwa hiyo tulipatana kuanza na yale yaliyo mikononi mwetu. Tulipatana mambo matano.

La kwanza, kila muuzaji ataje mnyama kabla hajaulizwa, na maziwa ya wanyama wawili yasichanganywe. La pili, maziwa ya mbuzi yachemshwe kweli, yainuke katika sufuria, kabla ya kutoka nyumbani kwa mwenye mbuzi. La tatu, yasitiwe katika bidoni ya mafuta, bali katika chombo cha chuma ambacho mkono unaingia. La nne, mbuzi aliyetupa mimba, au mwenye chuchu iliyovimba, au aliyepigwa sindano, maziwa yake yasiuzwe mpaka mganga wa mifugo aseme. La tano, mama akija kununua kwa ajili ya mtoto mchanga, tusipokee faranga zake. Tumwambie aende kwanza kwa mwuguzi.

Tumelishika patano hilo tangu siku ile, na tutasema kweli: limetugharimu. Makala ya kuchemshia ni ya kununua, na makala ya Bukavu si rahisi. Ilitubidi kuongeza bei. Wanunuzi wengine walituacha tulipotaja mbuzi. Wengine walituacha kwa sababu ya bei, wakaenda kwa mtu mwingine ambaye hachemshi na hataji, naye akatucheka. Hapo ndipo tulipoelewa kazi ya sheria, sisi tuliokuwa tukiiogopa. Patano la watu wema humfunga yule tu aliyekubali kufungwa. Asiyekubali huuza rahisi, na kila asubuhi mwenye dhamiri hulipa faini ya wema wake. Kanuni ikiwa ya soko zima, kwa mwenye mbuzi mmoja na kwa mwenye kumi, hapo mwaminifu hatashindwa na mdanganyifu kwa ajili ya makala.

Kwa hiyo twawaomba wakubwa wa soko, wa mtaa na wa mifugo, wo wote watakaokuwa na mamlaka: andikeni kanuni ya maziwa ya mbuzi, fupi, kwa Kiswahili, ambayo mama asiyesoma aweza kuishika kwa kusikia. Leteni kwanza mganga wa kupima mbuzi, kisha leteni karatasi. Mkitaka ushuru, uwe mdogo, na mtu aone chombo safi au maji safi yaliyonunuliwa kwa ushuru huo. Mkianza na kodi, mtawafukuza wauzaji wote waende kuuza gizani, na wa kwanza kuumia atakuwa mtoto wa maskini.

Nanyi mnaonunua, msingoje kanuni. Uliza kwanza ni ya mnyama gani, kisha uliza kama yamechemshwa. Muuzaji akikasirika, peleka faranga zako kwingine.

Mama kijana bado ni jirani yetu. Kwa muda mrefu hakununua kitu kwetu, nasi hatukumlaumu. Juzi alikuja alfajiri, ameshika kikombe, na mtoto wake, ambaye sasa anakimbia na kula sombe na bugali kama watu wote, alikuwa mbele yake. Mama akasimama mlangoni akauliza, kana kwamba hatujui: "Maziwa ya leo ni ya mnyama gani?"

Tukamjibu: "Ni ya mbuzi, mama. Yamechemshwa."

Akanyosha kikombe.